Jina la Kiingereza, babu wa Nyasa: msako wa asili katika vitabu vya kanisa vya Pwani

*Vizazi vya watumwa walioachiwa huru Freretown, Rabai, Mbweni na Bagamoyo vinarudi kwenye daftari za ubatizo kuuliza vilikotoka. Daftari zinajibu, ila si kila swali.*

MAKANGA wa matatu za Kisauni hupaza sauti "Kengeleni! Kengeleni!" kutwa kucha, na abiria hushuka bila kuuliza kengele yenyewe iko wapi. Ipo. Imetundikwa kando ya njia panda ya kuelekea Nyali, na wazee wa Freretown husimulia kwamba ilipigwa kuwaonya watu wa misheni kila wakamataji watumwa walipoonekana.

Shida ya watu wa hapa haiko kwenye kengele. Iko kwenye majina. Kuanzia Freretown hadi Rabai kuna koo za Waafrika zenye majina ya Kiingereza mtupu, tangu enzi za baba wa babu. Mjukuu akiliandika jina la ukoo wake kwenye tovuti ya kutafuta nasaba, analetewa wakulima wa Yorkshire na mabaharia wa Devon: siku walizozaliwa, ndoa zao, meli walizopanda kwenda Australia. Ndugu zake mwenyewe hawamo.

Na akija karani wa sensa akamuuliza kabila, anaanza kutafuta la kusema. Wapo wanaojibu Mgiriama kwa sababu mama ni Mgiriama. Wapo wanaosema Mswahili, yaishe. Wazee hujibu "sisi Wamisheni", jibu linalomwacha karani kijana na kalamu hewani.

Chengwimbe aliyeitwa Wellington

Matthew Wellington alifariki Mombasa mwaka 1935. Alijulikana kama mtu wa mwisho kubaki hai kati ya wale waliobeba mwili wa David Livingstone kutoka kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya leo, hadi Bagamoyo.

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa Chengwimbe. Alikuwa Myao, kutoka pande za Ziwa Nyasa. Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa, akapakiwa kwenye jahazi, na jahazi likakamatwa na manowari ya Kiingereza. Manowari haikumrudisha kwao. Ilimpeleka India.

Huko Sharanpur, karibu na mji wa Nasik, chama cha misheni cha Kanisa la Uingereza, CMS, kilikuwa na makao ya watoto wa Kiafrika waliookolewa baharini. Walifundishwa Kiingereza, Biblia na kazi za mikono, kisha wakabatizwa. Chengwimbe akawa Matthew Wellington. Wenzake wakawa Jacob Wainwright, Carus Farrar, Richard Rutton.

Mwaka 1872 vijana sita wa Nasik walikuwa kwenye msafara uliotoka pwani kwenda Unyanyembe kumfikia Livingstone. Yeye alipofariki mwaka uliofuata, Wainwright ndiye aliyesindikiza jeneza hadi Uingereza, mwili ukazikwa Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874.

Sasa mfikirie mtu wa kizazi cha nne au cha tano cha vijana hao. Babu yake anaonekana kwenye karatasi kwa mara ya kwanza akiwa India, ana jina la Kiingereza, ametoka kwenye meli ya Kiingereza. Kijiji hakitajwi. Baba hatajwi. Limebaki neno moja, "Yao", na nchi ya Wayao leo imegawanyika kati ya Malawi, Msumbiji na Tanzania.

> Manowari haikumrudisha kwao. Ilimpeleka India.

Misheni tatu, daftari tatu

Mwaka 1873 Sir Bartle Frere, mjumbe wa serikali ya Uingereza, alikuja Zanzibar kumshinikiza Sultan Barghash afunge soko la watumwa na kupiga marufuku kuwasafirisha baharini. Mkataba ulitiwa saini mwezi Juni. Mara likazuka swali la kiutendaji: watakaokutwa majahazini wapelekwe wapi?

CMS ilijibu kwa kununua ardhi bara, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Mchungaji William Salter Price, aliyewahi kuyaongoza makao ya Nasik, alifika mwaka 1874, na mwaka uliofuata kijiji kikaanza kupokea watu. Kikaitwa Frere Town. Waafrika waliokulia India, ambao wenyeji waliwajua kama watu wa Bombay, waliletwa wawe walimu, mafundi na wakalimani.

Hawa wa Bombay hawakuwa watu wa pembeni. William Jones na Ishmael Semler walipewa ushemasi mwaka 1885 na Askofu James Hannington. Mwaka huohuo Hannington aliuawa Busoga, na Jones ndiye aliyewarudisha Rabai manusura wa msafara, mapema mwaka 1886.

Zanzibar, misheni nyingine ya Kianglikana, UMCA, iliwalea wavulana Kiungani, na wasichana na familia Mbweni. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliwachukua baadhi ya waliokombolewa akawapeleka Masasi, kusini mwa Tanzania ya leo, akiamini kwamba huko wangekuwa karibu zaidi na makwao. Bagamoyo walikuwapo Mapadri wa Roho Mtakatifu, Wafaransa, tangu mwaka 1868, na kijiji chao cha Kikristo.

Kila misheni iliandika kwa mkono wake. CMS ilipenda majina ya Kiingereza kwa ukamilifu wake. Bagamoyo ilitumia majina ya watakatifu. UMCA mara nyingi iliacha jina la pili lisimame, na faida yake inaonekana mpaka leo: padri wa kwanza Mwafrika wa misheni hiyo, Myao aliyepata upadri mwaka 1890, anaitwa Cecil Majaliwa. Shemasi wa kwanza, mwaka 1879, alikuwa John Swedi, mmoja wa wavulana watano ambao Sultan Majid wa Zanzibar alimkabidhi Askofu Tozer wa misheni hiyo mwaka 1864. Majaliwa na Swedi ni majina ya watu wa huku, yana mahali pa kushika. Jones halina.

Rabai ina kisa chake. Walioishi pale hawakuwa waliookolewa baharini pekee. Wengi walikuwa watoro, waliokimbia mashamba ya mabwana zao wa Mombasa na Malindi wakajichanganya na watu wa misheni. Mwaka 1888 wenye watumwa walidai mali yao kwa hasira. George Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza ya IBEA aliumaliza ugomvi kwa fedha: mabwana walilipwa, na tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya 1,400 wa Rabai na misheni jirani wakapewa vyeti vya uhuru.

Kwa mtafutaji wa leo malipo hayo yana thamani ambayo Mackenzie hakuikusudia. Ili bwana alipwe, ilibidi ajulikane ni nani, na anamdai nani. Kitabu cha ubatizo kinamwonyesha mtu baada ya kuingia kanisani. Orodha ya fidia inamwonyesha siku moja kabla, akiwa bado na jina alilokuja nalo.

Safu iliyobaki tupu

Kanisa la Anglikana lilikuja na fomu yake kutoka Uingereza. Daftari la ubatizo la mtindo ule wa sheria ya 1812 lina safu zilizopigwa chapa: tarehe, jina la Kikristo, majina ya wazazi, makazi, kazi, na aliyebatiza. Fomu hiyo ilibuniwa kwa ajili ya parokia za mashambani Uingereza, ambako mtoto huletwa na baba na mama wanaojulikana na kijiji kizima.

Weka mbele ya fomu hiyo mtoto wa miaka saba aliyeshushwa kutoka kwenye manowari. Jina la Kikristo lipo, limeshachaguliwa. Makazi ni Frere Town. Kazi hana. Safu ya wazazi inaandikwa nini?

Hapo ndipo wengi hukata tamaa, na hapo ndipo inafaa kuacha kulitazama jina. Wasomaji wazoefu wa daftari hizi hutazama watu wanaolizunguka. Nani alibatizwa siku ileile? Waliotoka jahazi moja aghalabu walifundishwa pamoja na kubatizwa pamoja, na waliotoka jahazi moja huenda walitekwa njia moja. Nani alisimamia ubatizo? Msimamizi anayerudiarudia kwa watoto wa nyumba moja huwa ni ndugu, au mtu wa kwao aliyefanywa ndugu kwa sababu wanasikilizana lugha.

Vitabu vya Kikatoliki vina jambo la ziada, nalo liko ukingoni mwa ukurasa. Tangu mwaka 1908, ilipoanza kutumika amri ya Papa Pius wa Kumi kuhusu ndoa, paroko anayefungisha ndoa hupaswa kuiarifu parokia walikobatizwa maarusi, na taarifa hiyo huandikwa pembeni mwa jina la kila mmoja. Kwa hiyo mtu aliyebatizwa Bagamoyo akiwa mtoto, akahama, akaoa mbali, anaweza kuwa na mstari mdogo ukingoni unaotaja parokia ya ndoa. Ni maneno machache ya Kilatini, Josephus badala ya Yosefu, kwa wino uliopauka. Lakini yanasema alikokwenda, na mara nyingi hilo ndilo swali lenyewe.

> Kitabu cha ubatizo kinamwonyesha mtu baada ya kuingia kanisani. Orodha ya fidia inamwonyesha siku moja kabla.

Kabila nalo lina mitego yake. "Nyasa" aliandikiwa kila aliyetoka upande wa ziwa, awe Mnyanja, Mtonga au Myao. "Makua" aliandikiwa aliyepakiwa pwani ya Msumbiji. Mtoto aliyetekwa na miaka mitano hakujua jina la kabila lake kama linavyotajwa na watu wa nje. Alijua jina la mama na la mto. Aliyeandika alimsikiliza mkalimani, na mkalimani alikadiria kwa chale za usoni na lafudhi.

Yapo maandishi yanayojaza pengo kidogo. Mwaka 1887 A. C. Madan alitoa mkusanyo wa masimulizi ya wavulana wa Kiungani wenyewe, wakieleza walivyotekwa na njia walizopita. Na mwaka 1934 James Juma Mbotela, mwana wa mtu aliyekombolewa akaishi Freretown, alichapisha *Uhuru wa Watumwa*. Wahakiki wamemlaumu kwa kuwasifu mno Waingereza, nami nakubaliana nao. Hata hivyo alifanya jambo ambalo daftari haliwezi: aliandika aliyoyasikia kutoka vinywani mwa wazee kabla hawajafa. Mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, ambaye Kenya nzima iliijua sauti yake, alikuwa wa ukoo huohuo.

Sensa huhesabu, haitaji

Mmarekani anayemtafuta babu yake mhamiaji ana mikono miwili. Mmoja ni kitabu cha kanisa, wa pili ni sensa. Serikali ya Marekani hufungua fomu za sensa, zenye jina la kila mtu na kila nyumba, baada ya miaka 72. Zile za 1950 zilifunguliwa tarehe 1 Aprili 2022. Uingereza husubiri miaka 100, na sensa ya 1921 ilianza kusomwa na umma Januari 2022. Jina likipotea kwa paroko, hupatikana kwa karani.

Hata huko si kila kitu kimesalimika. Sehemu kubwa ya sensa ya Marekani ya 1890 iliharibiwa na moto wa mwaka 1921. Waairishi walipoteza karne nzima za kumbukumbu Dublin mwaka 1922, jengo la nyaraka liliposhambuliwa vitani. Na Wamarekani weusi hugonga ukuta mwaka 1870, sensa ya kwanza iliyowataja wengi wao kwa majina. Kabla ya hapo, orodha za watumwa za 1850 na 1860 ziliandika umri, jinsia na rangi chini ya jina la bwana.

Afrika Mashariki mkono wa pili haupo. Sensa ya kwanza iliyofanywa kwa pamoja Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar ni ya mwaka 1948, miaka zaidi ya 70 baada ya Freretown kuanza. Nazo sensa zetu hutoa jumla: wangapi, wa kabila gani, wilaya gani. Majina ya kaya hayatolewi kwa mtafutaji wa nasaba.

Na hizo jumla zinahitaji kusomwa kwa jicho la pembeni. Sensa ya Zanzibar ya 1924 iliandika maelfu kwa maelfu ya watu waliojitaja Waswahili. Ile ya 1931 iliwakuta wachache mno. Hakukuwa na tauni wala vita kati ya miaka hiyo. Watu walewale, katika nyumba zilezile, walikuwa wamejibu swali kwa namna nyingine: Mshirazi, Mhadimu, Mtumbatu. Jina la Mswahili lilikuwa limeanza kunukia utumwa, na lile la Myao au Mnyasa zaidi.

Tanzania iliacha kuuliza kabila baada ya sensa ya 1967. Kenya bado inauliza, na jibu lina uzito. Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walivuka kutoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, waliishi miongo bila uraia hadi walipoandamana kwenda Nairobi Oktoba 2016. Baadaye walitambuliwa na kuitwa kabila la 43. Wapemba wa Kilifi na Kwale walisubiri hadi 2023. Watu wa Freretown uraia wanao. Wasichonacho ni kikasha cha kutia alama.

Cheti kilekile, pasi ya Ulaya

Daftari zilezile za kanisa, katika pwani ileile, humpa mtu mwingine kitu tofauti kabisa.

Wagoa walifika Zanzibar, Mombasa na Nairobi kama makarani, washonaji, wapishi, madaktari na wanamuziki. Ni Wakatoliki, kwa hiyo kila mtoto aliandikwa. Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, Mji Mkongwe, ambalo lilijengwa mwishoni mwa karne ya 19, lina waumini wengi wa asili hiyo katika historia yake. Baada ya Mapinduzi ya 1964 na miaka iliyofuata, familia nyingi zilikwenda Uingereza, Kanada na Ureno.

Sasa wajukuu wanauliza cheti cha ubatizo cha bibi na babu. Sababu si mapenzi ya historia tu. Goa ilikuwa ya Ureno hadi tarehe 19 Desemba 1961 India ilipoitwaa, na aliyezaliwa huko kabla ya siku hiyo anaweza kudai uraia wa Ureno; mwanawe na mjukuu wake wana njia pia, wakithibitisha mnyororo wa vizazi. Ukurasa mmoja wa daftari la parokia unaweza kuwa pete moja ya mnyororo huo, na mwisho wake ni pasipoti ya Umoja wa Ulaya.

Wagoa na watu wa Freretown wote ni wageni waliofika pwani hii kwa bahari, wakaandikwa na makasisi. Tofauti ni kwamba Mgoa aliandikwa pamoja na kijiji chake, maana alikuja na barua ya paroko wake mkononi. Wa Freretown alikuja amefungwa.

Wazanzibari wa Durban

Wengine hawakuletwa pwani hii kabisa. Kati ya 1861 na 1872 manowari za Kiingereza zilishusha Waafrika zaidi ya 2,000 Shelisheli, wakagawanywa kwa wenye mashamba na wengi wakabatizwa Wakatoliki. Kuanzia 1873 mamia wengine walipelekwa kutoka Zanzibar hadi Durban, Afrika Kusini, kufanya kazi kwa mikataba. Wengi wao walikuwa Wamakua, tena Waislamu. Wakaitwa Wazanzibari, na jina likawaganda.

Utawala wa ubaguzi ulipolazimisha kila mtu aandikwe rangi yake, baada ya sheria ya 1950, karani alikwama: hawa ni weusi, lakini hawana chifu wala eneo la kabila, wanaswali, wamezoeana na Wahindi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakapachikwa katika kundi la "Waasia wengine", wakahamishwa kutoka mlima wa Bluff hadi Chatsworth, mtaa uliotengewa Wahindi.

Mmakua wa Msumbiji akageuka Mwasia kwa kalamu. Ajabu ni kwamba kalamu hiyo iliwapa nafuu: hawakuhitaji kubeba pasi za kibaguzi walizobebeshwa Waafrika wengine. Mtafiti atakayesoma rejesta za Durban bila kujua kisa hiki atakwenda kumtafuta babu Gujarati.

> Wagoa na watu wa Freretown wote walifika kwa bahari, wakaandikwa na makasisi. Mgoa aliandikwa pamoja na kijiji chake.

Zifunguliwe au zifungwe?

Hapa ndipo watu wanapogawanyika, na mgawanyiko haufuati umri kama nilivyotarajia.

Upande mmoja wapo wanaotaka kila daftari la karne ya 19 lipigwe picha na kuwekwa kwenye intaneti, bure. Hoja yao ni ya dharura. Hewa ya Pwani ina chumvi na unyevu, wino wa zamani hula karatasi, na mchwa hawangoji kamati. Kitabu kimoja kikioza, watu waliomo hawana kitabu kingine.

Wanaokataa nao hawasemi ovyo. Kanuni ya 535 ya Sheria za Kanisa Katoliki inamtaka paroko ahakikishe vitabu haviangukii mikononi mwa wasiohusika. Daftari lina siri za watu: mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa, mke wa pili, jina la baba lililofutwa. Kwa kawaida parokia hutoa cheti cha jina uliloomba, haikupi kitabu ukipekue.

Kuna pia jambo la Utah. Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, maarufu kama Wamormoni, limekuwa likipiga picha kumbukumbu za dunia nzima tangu 1938. Hifadhi yake iko ndani ya mlima wa mawe karibu na Salt Lake City, na tovuti yake ya FamilySearch haitozi ada. Waumini wake hubatiza kwa niaba ya marehemu. Mwaka 2008 Vatikani iliwaagiza maaskofu wasiwape Wamormoni rejesta za parokia kwa sababu hiyo. Kwa hiyo tovuti iliyo bure kuliko zote ndiyo ambayo mapadri wana amri ya kutoishirikisha.

Halafu kuna pingamizi ambalo halitoki kanisani, linatoka sebuleni. Pwani, kumwambia mtu kwamba babu yake alikuwa mtumwa bado ni tusi la kuvunja uchumba. Familia zilizotumia miaka 100 kujenga heshima kwa ndoa, elimu na ukimya hazioni faida ya kijana kurudi nyumbani na karatasi.

Na kuna ardhi. Miongoni mwa Wamijikenda mtu hudai shamba kwa kutaja ukoo wake na kaya yake. Mtoto wa misheni ukoo wake unaanzia kwenye daftari. Kulifungua ni kuthibitisha kwamba familia ipo pale tangu 1875, na papo hapo ni kuthibitisha kwamba ilitoka kwingine. Karatasi moja inafaa pande zote mbili za kesi.

Kwa maoni yangu, daftari zenye zaidi ya miaka 100 zifunguliwe, kwa sharti moja: nakala ya kwanza ikae hapa hapa, parokiani na katika nyaraka za taifa, kabla ya nyingine kuvuka bahari. Tumeshazoea kwenda kujisoma ugenini. Nyaraka za CMS ziko Chuo Kikuu cha Birmingham. Za UMCA ziko Oxford. Za Mapadri wa Roho Mtakatifu ziko Chevilly-Larue, nje ya Paris. Taarifa za manowari ziko Kew, London. Mtu wa Kisauni anahitaji viza mbili kumtafuta bibi mmoja.

Pa kuanzia

Wanaofanikiwa huanza na walio karibu, kisha hurudi nyuma hatua kwa hatua: cheti cha ndoa cha babu, kisha ubatizo wake, kisha ndoa ya wazazi wake, wakinakili kila shahidi na kila msimamizi hata kama jina halina maana kwa sasa. Huandika majina kwa tahajia zote, kwa kuwa mmisionari aliandika alivyosikia. Hawaruki makaburi. Wala hawangoji wazee wafike miaka 90.

Vipimo vya vinasaba navyo vinatumika, hasa na walio Ulaya na Marekani. Vinaweza kumkutanisha mtu na binamu ambaye hakumjua. Lakini asilimia zinazoletwa hutegemea waliopimwa kabla yako, na watu wa Nyasa na kaskazini mwa Msumbiji waliomo kwenye kanzidata za vipimo hivyo ni wachache. Mimi nisingezitegemea.

Yote haya yanawahusu waliopita mikononi mwa makasisi, nao walikuwa wachache. Watumwa wengi wa Unguja, Pemba, Mombasa na Bagamoyo hawakuiona misheni. Walisilimu au walizaliwa Waislamu, wakaoana, wakazikwa, na msikiti hauna daftari la ubatizo. Njia yao inapita mahakamani na kwa kadhi. Zanzibar ilifuta hadhi ya kisheria ya utumwa mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907, na kote kuwili mabwana waliruhusiwa kudai fidia. Fidia huacha karatasi.

Anayetaka kuzifuata aende Kilimani, Unguja, ziliko Nyaraka za Taifa za Zanzibar, na asiende na jina la babu peke yake. Aende na jina la bwana wa babu, kwa kuwa madai yalipelekwa na aliyedai. Familia nyingi zinalijua jina hilo vizuri, na baadhi zinalitumia hadi leo kama lao. Kazi ni kumpata mzee atakayekubali kulisema mbele ya mwandishi.